Lori Lililosimama kwa Adabu

Bwenini, Taita
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwa mjomba wangu mpendwa, Mwidani,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na usukani mkononi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku milimani imenifundisha kuoga haraka kuliko ninavyosali. Chakula ni maharagwe, na siku za sherehe ni maharagwe yenye mafuta. Mama ameniandikia kwamba jikoni pamepakwa rangi, kwamba Bibi anaumwa na magoti lakini mdomo wake mzima, na kwamba Baba hajambo. Neno hilo "hajambo" ameliandika peke yake, hakuongeza kitu. Salamu pia kwa mwalimu wa zamu, ambaye husoma barua zetu zote kabla hazijatoka. Mwalimu, hii ni ya masomo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni fizikia. Muhula huu tunasoma mwendo, na Mwalimu Jerioth ametutaka kila mmoja achukue tukio analolijua alieleze kwa sheria tatu za Bwana Newton. Wenzangu wameandika kuhusu mipira na maembe yanayoanguka. Mimi nikajiuliza, nihangaike na embe la nini, na mjomba wangu ana miaka ishirini na mbili kwenye lori? Nimechagua ajali yako ya Agosti mwaka jana, pale kabla ya raundabauti ya Changamwe. Usishtuke. Ni kazi ya shule tu.

Sheria ya kwanza ni nyepesi, hata dereva ataielewa. Kitu kilichotulia hutulia, na kitu kinachokwenda huendelea kwenda, kwa kasi ileile na njia ileile iliyonyooka, mpaka kani kutoka nje ikizuie. Kani ni kule kusukuma au kuvuta. Kitu hakisimami kwa kuchoka, wala kwa kuona haya.

Uliyomwambia tajiri wako nayajua, maana Mtongwe nzima inayajua. Breki zilikataa, kontena likaruka likaponda kichwa cha lori, Mungu akakunusuru. Na kwa kuwa breki zile alizifunga baba yangu siku moja kabla, tajiri akamwambia akusanye spana zake aondoke yadini. Kile kichwa kikauzwa vyuma kabla hakijapimwa na mtu. Hayo yamepita. Mimi nahitaji vitu vidogo tu vya kujaza daftari: ulikuwa unakwenda kilomita ngapi kwa saa? Kontena lilikuwa tani ngapi? Liliruka kuelekea wapi? Na lilikuwa limefungwaje?

Nakuombea barabara njema.

Mpwa wako,
Mwanarusi binti Abubakar

*

Foleni ya Malaba
23 Februari 2025

Kwa profesa wetu Mwanarusi,

Wa aleikum salaam, na marahaba. Barua yako ilikaa yadini wiki nzima. Karani aliogopa kuishika, alidhani imetoka mahakamani Shanzu, kwa jinsi ulivyoliandika jina langu lote kwa wino mwekundu. Mkaza mjomba wako Mwanasaumu anakusalimu. Paka wake amezaa tena, watano, na mimi ndiye ninayenuniwa kana kwamba nina mkono katika hilo. Nimekaa kwenye foleni hii siku ya tatu sasa. Nimemaliza mikate, nimemaliza hadithi, nimebakiwa na barua yako.

Nimefurahi sana kusikia kwamba wataalamu wamegundua kuwa kitu kinachokwenda kinakwenda. Sisi tulioendesha miaka yote hii bila Bwana Newton, wallahi sijui tulikuwa tunafikaje Kampala.

Haya, jaza daftari. Mwendo ulikuwa hamsini na kitu, na hilo abaki nalo mwalimu wako. Mzigo ulikuwa vigae, tani ishirini na nne pamoja na kontena lenyewe. Lilikwenda mbele. Ulitaka liende wapi, juu? Liliteleza kwenye trela likapiga kichwa kwa nyuma, kitanda changu kikawa chembamba kuliko chapati. Nilikuwa nimeinamia usukani, ndiyo maana leo nakuandikia.

Umeuliza lilifungwaje, na hapo ndipo vitabu vyenu vinapochekesha. Trela lina kufuli nne, moja kila pembe, za kulibana kontena. Madereva wa juzi wanazifunga zote nne na kuzikagua kwa tochi, utadhani wanalinda benki. Sisi tulioanza hamjazaliwa tunaziacha wazi. Kwa nini? Kwa sababu kontena lililofungwa likiinama kwenye kona linaanguka na lori na dereva wake. Likiwa huru linaanguka peke yake, na dereva anashuka, anashukuru Mungu, anapiga simu. Na usiniambie litateleza. Tani ishirini na nne, Mwanarusi! Ule uzito ndio kufuli. Nilipokuwa kijana nilijaribu kumsukuma mama yako kutoka mlangoni nikashindwa, na yeye hakufika hata tani moja.

Mwandikie hivyo Bwana Newton, na umwambie salamu zimetoka Malaba.

Mambo ya breki yalikuwa kadari. Baba yako ni shemeji yangu na ninampenda, lakini mtu hawezi kushindana na kadari. Tuyaache hayo.

Mjomba wako,
Mwidani

*

Bwenini, Taita
Jumapili, 9 Machi 2025

Mjomba wangu,

Assalaam aleikum, shikamoo, na Ramadhani njema. Huku tunafunga wanafunzi thelathini na wawili, na mpishi anatuwekea daku yetu kwa moyo mkunjufu: ni yale maharagwe ya jana. Nimefurahi kusikia habari za paka. Mwambie mkaza mjomba aniwekee mmoja wa kike.

Asante kwa majibu. Umekuwa mkweli kuliko nilivyotarajia, na nadhani kuliko ulivyokusudia mwenyewe.

Nilimsomea Mwalimu Jerioth ile habari ya uzito kuwa kufuli. Hakucheka, ana adabu. Aliazima sinia jikoni, akaweka juu yake kopo tupu na kopo lililojaa mchanga, akalisukuma sinia mezani kisha akalizuia ghafla. Makopo yote mawili yakateleza mbele. Lile la mchanga halikubaki nyuma kwa heshima ya unene wake. Uzito unaongeza msuguano, ni kweli, lakini unaongeza ukaidi wa kitu kwa kiasi kilekile, na kilichokwisha kushika mwendo ndicho kigumu zaidi kukizuia kikiwa kizito. Faida yote uliyopata kwa tani zako ishirini na nne, tani hizohizo zimekunyang'anya.

Sheria ya pili ndiyo yenye hesabu: kani ni tani za kitu mara kasi inavyobadilika. Nimekukadiria mita kumi na tano kwa sekunde, ukasimama kwa sekunde tatu. Ili kontena lisimame pamoja nawe, lilihitaji kani ya newton laki moja na elfu ishirini. Msuguano wa chuma juu ya chuma uliweza kama elfu sabini tu. Elfu hamsini zilizobaki zilikuwa kazi ya kufuli, na kufuli, kwa maneno yako mwenyewe, ulizipa likizo.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Nimeandika "ukasimama", kisha nikaitazama kalamu yangu. Kama breki zilikataa, lori na kontena vilikuwa vikikimbia pamoja kwa kasi moja, na kontena halikuwa na sababu ya kulipita lori. Abiria wa basi hatupwi mbele basi likiendelea na safari. Hutupwa mbele likifunga breki. Kontena lako lilikwenda mbele kwa sababu lori lilibaki nyuma, na lori lilibaki nyuma kwa sababu kuna kitu kililishika. Hukugonga ukuta. Hukugonga nguzo. Hukugonga gari la mtu. Ungegonga ungetutajia, maana kulaumu wengine huna uvivu.

Basi lilisimamishwa na nini, mjomba, kwenye mteremko ule? Au lilisimama kwa adabu, lilipoona raundabauti?

Mwalimu Jerioth ameniandikia kwa kalamu ya kijani: "Hesabu sahihi. Hitimisho halipo." Hitimisho nimekuachia wewe.

Mpwa wako,
Mwanarusi

*

Yadini, Changamwe
22 Machi 2025

Mwanarusi,

Wa aleikum salaam. Tunafunga, alhamdulillahi, na jua la mwaka huu halina huruma. Nimekutumia tende kwa basi, na kanga pea moja kutoka kwa mkaza mjomba wako.

Lori lilisimama kwa sababu lilichoka. Vitu huchoka. Hata watu huchoka, hasa kuulizwa.

Jitahidi na kemia.

Mwidani

Tende usimpe mwalimu wa zamu.

*

Bwenini, Taita
Jumapili, 11 Mei 2025

Mjomba wangu,

Assalaam aleikum na shikamoo. Tende zilifika. Mwalimu wa zamu alizionja kwanza kwa ajili ya usalama wa shule, na shule sasa iko salama kabisa. Kanga ni nzuri, mwambie mkaza mjomba asante.

Likizo nilikuwa nyumbani wiki tatu na zaidi, nikaja kwako mara nne. Mara zote nne niliambiwa uko safarini. Viatu vyako vilikuwa mlangoni, nami nikashangaa kwamba siku hizi unaendesha pekupeku mpaka Uganda. Kwa kuwa sikukupata, nilikwenda Changamwe, mahali penyewe. Nilinunua soda kwenye kibanda kilicho kando ya barabara, nikauliza kama kuna aliyeiona ile ajali ya vigae. Nikaelekezwa kwa mtu anayeitwa Thoya, anayeuza maji kwa mkokoteni.

"Lile lori?" akaniuliza. "Wewe nani kwake?"

"Ni mjomba wangu."

"Basi mpe ahsante yangu, maana siku ile sikuipata nafasi. Mimi nilikuwa katikati ya barabara na mitungi kumi na miwili, gurudumu limenasa kwenye shimo. Nikasema leo ndiyo leo. Mara nasikia breki zimeshika, magurudumu yanalia, moshi mtupu. Likanisimamia hapa." Akanyoosha mkono mpaka kiganja kikagusa mlango wa kibanda. "Aliyezifunga breki zile, Mungu aibariki mikono yake."

Huyo Thoya hukuwahi kututajia. Mtu mzima, mkokoteni, mitungi kumi na miwili, vyote vimekutoka akilini. Nimemwandika yeye kwenye hitimisho.

Imebaki sheria ya tatu. Inasema kitu ukikisukuma nacho hukusukuma, kwa nguvu ileile, upande wa pili. Ukiegemea ukuta, ukuta nao unakuegemea. Nilikwenda kuijaribu kwa Baba. Nilimwambia mbele ya Mama kwamba umemsingizia. Akaendelea kumenya mhogo. Nikamwambia kwamba mtaani wanamwita Fundi Zimekataa. Akaniuliza kama mhogo nautaka wa nazi au wa kukaanga. Huyu ni mtu aliyekuwa akilisikia lori likipita tu anakwambia breki ya gurudumu gani inaumwa. Leo anatengeneza feni za majirani, na lori likipita barabarani anaongeza sauti ya redio. Miaka kumi na tisa ya kazi, mjomba, na hakuna dereva hata mmoja anayempa mkono. Mimi niliingia chumbani nikalia, na hapa sifanyi mzaha.

Ningeweza kumpelekea tajiri daftari langu. Sitampelekea. Uliyesema ni wewe, na atakayesema tena ni wewe.

Mpwa wako,
Mwanarusi

*

Bwenini, Taita
Jumapili, 15 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo, na Idd iliyopita iwe ya heri. Sijapata jibu.

Kitu kilichotulia hutulia.

Mwanarusi

*

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 29 Juni 2025

Mwanangu Mwanarusi,

Wa aleikum salaam, na marahaba. Mama yangu, bibi yako, hajambo ila magoti. Paka wako wa kike yupo, ana doa jeusi puani na tabia zako. Idd tulichinja, nyama ilikuwa ngumu. Nazirefusha salamu kwa makusudi, kwa sababu kila nikilifikia jambo lenyewe naichana karatasi, na hii ni ya nne.

Breki hazikukataa. Nilikanyaga zikashika, tena zikashika sawasawa. Nilipojitoa kwenye kile kichwa nilimwona mtu wa maji amesimama mzima ananitazama, kisha nikageuka nikaliona kontena juu ya kitanda changu, na palepale nikajua ni kufuli. Halafu tajiri akaja, akauliza kumetokea nini, na mdomo wangu ukasema "breki" kabla sijaushauri. Kufuli ni kazi ya dereva. Breki ni kazi ya fundi. Ni hayo tu, hakuna kadari hapo. Nilijiambia nitasahihisha kesho, tajiri akishapoa. Kesho yake tajiri alikuwa amekwisha kumfukuza baba yako, na nikaona aibu kusahihisha. Kila siku iliyopita ikanizidishia aibu. Hesabu yake utanifanyia wewe.

Alhamisi iliyopita nilisimama yadini, madereva wote wapo wanangoja karatasi zao, nikasema. Nilisema kwa sauti, maana ningesema polepole asingesikia mtu, nami ningekimbia. Tajiri aliupokea ufunguo wa lori kwa upole mkubwa, ule wa mtu ambaye amekwisha kumpigia wakili wake simu. Kwa hiyo usiniombee barabara njema kwa sasa, sina barabara. Kadenge, yule aliyenifundisha mimi kuacha kufuli wazi, alitoka nje bila kuaga, na tukamsikia anazifunga za kwake, moja baada ya nyingine, mpaka ya nne. Aliporudi aliuliza Abubakar anakaa nyumba gani huku Mtongwe. Jumanne atamletea lori lake alitazame breki, atazungukia barabara ya Dongo Kundu. Wengine wawili wamesema watamfuata.

Kutoka hapo nikaja kwenu. Nilimkuta baba yako na feni ya mtu mapajani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana sikukaribishwa kiti. Akaendelea kukaza skrubu.

"Nalijua," akasema.

Alijua tangu siku ya pili, Mwanarusi. Alikwenda Changamwe asubuhi na mapema na futi yake ya kupimia, akaipima ile michirizi myeusi ya magurudumu barabarani. Magurudumu yote yalikuwa yamechora sawa. Akarudi nyumbani, akanyamaza. Nikamwuliza kwa nini.

"Wangekufunga jela," akasema. "Dada yako Sabah angelia kila siku, na mama yenu yule pale na magoti yake. Mimi kufukuzwa si kufungwa."

Nilidhani yamekwisha, nikaanza kutafuta maneno ya kuagia. Ndipo akaniuliza, bila kuinua macho, "Na siku hizi wazifunga?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na uongo wangu nimeuzoea. Nikamwambia, "La. Hata safari ya wiki iliyopita sikuzifunga."

Baba yako aliweka bisibisi chini, akanitukana. Sijawahi kutukanwa vile, na mimi nimekaa mizani ya malori ya Mariakani na madereva wa kila nchi. Alianza na mimi, akaenda kwa lori, akaenda kwa tajiri, akarudi kwangu. Miezi kumi ya kimya ilitoka yote. Mama yako alifunga madirisha, kisha akayafungua tena, nadhani alitaka majirani wafaidi. Bibi yako alikuwa akimkumbusha aliyoyasahau, mama aliyenizaa mwenyewe. Baba yako aliniambia kwamba kila lori lililopita barabarani, hata redio ikiwa juu, alikuwa akisikiliza kama ni langu, na kama lilipungua mwendo vizuri. Aliniambia kwamba jina lake alikuwa amelitoa ili mimi nipone, na mimi nilikuwa nazunguka nalo barabarani bila kulifungia kufuli, kama kontena.

Alipomaliza mimi nilikuwa nalia mbele ya watu, mzee mzima. Akaomba maji, akanywa, akapumua. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akamwambia mama yako apakue.

Mjomba wako,
Mwidani